Vivuli Vilivyobaki Langoni

Jumatano, tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo anga lilikuwa tupu, bila hata wingu la kusingiziwa, na jua lilichomoza kama mtu aliyeamka amekasirika. Ilikuwa hali ya hewa nzuri kwa ukaguzi wa ardhi, kazi ambayo haifanyiki siku ya mawingu. Mama Bendera alimshukuru Mungu kwa jua hilo kabla hajatoka kitandani, kisha akamwamsha mumewe na kumwambia akaanue nguo.

Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ya kazi. Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi Kamba, alizikunja, akaizungusha kamba begani, na wakaondoka kwa miguu kwenda kwenye kiwanda cha zamani cha betri za magari. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Sasa kampuni fulani ilikuwa inajenga nyumba ndani ya ukuta wake, nyingine zilikuwa zimeshaezekwa, na ilitaka mtu apite aone kama kuna takataka au sumu iliyoachwa ardhini. Mama Bendera ndiye aliyefanya kazi hiyo. Alitembea, akatazama, na penye ubaya akachomeka kibendera chekundu.

Langoni walimkuta Komandoo, mlinzi mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu anaogopa paka. Aliwafungulia, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha wote watatu wakakigeukia kivuli cha Komandoo, kilichokuwa kimeegemea ukuta ng'ambo ya barabara, karibu na meza ya fundi viatu, nacho wakakisalimia. Kivuli hicho hakikuwa kimeingia kiwandani tangu wiki ya kwanza Komandoo alipoajiriwa. Kila asubuhi walifika pamoja, kikasimama langoni, yeye akaingia peke yake. Jioni alikichukua wakarudi nyumbani.

"Simlaumu mtu," alisema Komandoo. "Kazi niliomba mimi. Chenyewe hakikuomba."

Fundi viatu alizoea kukiangalia. Mtu akikaribia kukikanyaga alimwambia apite pembeni.

Mama Bendera alifunga macho, akaomba sala yake ya kuanzia kazi, ambayo ilikuwa fupi na haikubadilika: aone kilichopo, asione kisichokuwepo. Vivuli vyao viwili vilisitasita langoni, lakini vilikuwa vivuli vya watu wa kazi hiyo, vikaingia. Fundi Kamba akatandika kamba chini. Waliifuata kamba hiyo mstari baada ya mstari ili wasiruke mahali, jua likiwa mgongoni, kivuli kimetangulia. Walitazama mambo ambayo mkaguzi yeyote angeyatazama: majani yaliyokauka bila sababu, madoa ya mafuta, bomba linalochomoza ardhini bila kujulikana linatoka wapi. Lakini zaidi walitazama vivuli. Penye udongo salama kivuli kilitembea. Penye sumu kilisimama, mwenyewe akakipita, nacho kikazunguka pembeni kama mtu anayekwepa dimbwi, kikamngoja upande wa pili. Hapo ndipo bendera ilipochomekwa. Saa sita mchana walipumzika, maana kivuli kikiwa chini ya nyayo hakiwezi kuulizwa kitu. Alasiri walianzia upande mwingine.

Hawakukosa kazi. Nyuma ya banda la kuchajia betri palikuwa na shimo lililojaa makasha yaliyovunjwa. Kando ya mfereji uliokuwa ukimwagiwa tindikali, saruji ilikuwa imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Chini ya mabati yaliyoanguka yalilala mapipa mawili yasiyo na maandishi, moja likiwa limeelekeza mdomo chini. Vivuli vyao vilizunguka na kuzunguka. Fundi Kamba alisema mahali hapa panataka bendera moja tu, kubwa, ya kufunika kiwanda kizima. Mkewe akamjibu kwamba kubwa kuliko zote ni ile atakayomchomeka yeye, kwa kusahau chupa ya chai nyumbani. Waligombana juu ya chupa hiyo kwa mistari kadhaa. Vivuli vyao havikuwa na habari na ugomvi huo. Vilitangulia vimeshikana mikono, kama vilivyofanya tangu siku za uchumba.

Mstari wa mwisho ulipita nyuma ya ofisi ya zamani, kwenye uwanja wa majani. Hapakuwa na mahali pazuri kuliko hapo. Majani yalikuwa ya kijani, laini, yamekatwa vizuri. Nyumba mpya zilijengwa kuuzunguka uwanja huo ili watoto wapate pa kuchezea, na nyumba ya kwanza, iliyoelekeza mlango wake kwenye majani, ilikuwa imeshagawiwa. Waliogawiwa walikuwa binti yao na mumewe.

Kivuli cha Fundi Kamba kilisimama penye jani la kwanza. Cha Mama Bendera kilikaa chini.

Mama Bendera alipiga magoti. Aliomba safari hii Mungu amjalie awe amekosea, kisha akachimba kwa mwiko. Udongo mwekundu ulikuwa wa shibiri moja tu. Chini yake palikuwa na majivu ya kijivu yenye vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Ilikuwa risasi, yale madini mazito yanayotiwa ndani ya betri. Mtu mwenye akili alikuwa ametandika udongo mzuri juu yake na kupanda majani.

"Chomeka, mke wangu," alisema Fundi Kamba.

Akachomeka.

Binti yao alifika alasiri hiyohiyo kuwaonyesha nyumba, akiwa amembeba mtoto wake. Mtoto huyo alikuwa amejifunza kutembea juzijuzi, na babu yake alimwita Kijiko, kwa sababu hakuachana na kijiko chake cha bati, na alichokichota nacho, chakula au mchanga, kilikwenda mdomoni bila ubaguzi. Binti aliziona bendera kabla hajawaona wazazi wake.

"Mama, hata mlangoni kwangu?"

"Hata mlangoni kwako, mwanangu."

"Wewe hata siku ya harusi yangu uliukagua uwanja wageni wakiwa wamesimama."

"Na nilikuta chupa ya dawa ya mende chini ya meza ya keki."

Binti alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema wanalala watu watatu kwenye chumba kimoja, ukutani maji yanachuruzika, mtoto anakohoa, na nyumba hii ameisubiri tangu hajaolewa. Alisema yote hayo taratibu, kama mtu anayemweleza daktari. Mama yake alimweleza naye kwamba risasi humla mtu mzima polepole, lakini mtoto humuwahi. Huingia kwa mikono na mdomo, na inachokichukua kwanza ni akili ya kujifunza. Hairudishi.

Kijiko alishushwa chini. Alikimbilia majani na kijiko chake, akacheka. Kivuli chake kilibaki ukingoni. Kilikuwa kidogo, na hakikujua la kufanya, kikaenda kujificha ubavuni mwa kivuli cha bibi yake. Bibi aliingia kwenye majani, akambeba mjukuu wake, akamnawisha mikono kwa maji yote yaliyokuwa kwenye dumu.

Kesho yake Mama Bendera alikwenda kumweleza meneja wa mradi. Meneja alikuwa kijana mpole aliyesimama mpaka mgeni wake akakaa, na alisikiliza bila kutazama simu. Alisema kivuli cha mama yake mzazi nacho kilikuwa kinakataa jiko la mkaa, kwa hiyo mambo hayo anayaelewa. Udongo uliochotwa pale uwanjani ulikuwa umeshapelekwa maabara kupimwa, na maabara walisema uko kwenye foleni. Kwa vile familia zinasubiri, yeye mwenyewe angekuja kutazama. Asubuhi ana vikao. Je, saa sita mchana ingefaa?

Aliyeulizwa alikuwa Fundi Kamba, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Fundi Kamba alikuwa na udhaifu mmoja ambao mkewe aliujua tangu zamani: hakuweza kumkatalia mtu aliyevaa tai. Akasema saa sita inafaa kabisa.

Walipofika nyumbani Mama Bendera alimpakulia mumewe chakula, akakaa mbele yake.

"Saa sita, baba?"

Fundi Kamba alishika kichwa. Mtu wa kazi nyingine yoyote angeweza kukosea hivyo na asipungukiwe na kitu. Walimpigia meneja kuomba asubuhi, wakamwomba hata alasiri. Alijibu kwa upole kwamba ratiba imeshapangwa. Usiku Mama Bendera alimsikia mumewe akiomba msamaha kwa Mungu kwa sauti ya chini, akamwekea mkono mgongoni mpaka akalala.

Juu ya hayo, siku ya ukaguzi kulikuwa na mawingu. Mama Bendera alimngoja meneja uwanjani, akafukua lile shimo mbele yake na kumwonyesha majivu. Meneja alichuchumaa, akayatazama kwa muda, akasema kwa kweli hayapendezi, lakini yeye si mtaalamu wa udongo na maabara watasema. Kisha akasimama katikati ya majani, akatazama chini ya viatu vyake. Hapakuwa na kivuli cha kuulizwa. Akatembea huku na huko, akarudi.

"Sioni kinachonizuia," alisema.

Hakuwa anasema uongo. Aliagiza uwanja uongezewe majani. Vibarua waling'oa bendera zote, wakaziosha, wakazifunga kwa mpira, na kumrudishia Mama Bendera langoni zikiwa safi kuliko alivyozileta. Aliwashukuru. Komandoo aliufunga mlango wa lango bila kumtazama usoni.

Familia zilianza kuhamia siku zilizofuata. Zilifika na magodoro, masufuria, mbuzi mmoja, makochi yaliyofunikwa vitambaa. Kila familia ilipovuka lango, vivuli vyake vilibaki nje. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wamechoka na walikuwa na vitu vya kupanga. Wengine walivipungia mkono. Mama mmoja alikirudia chake, akakinong'oneza jambo, akaingia. Punde ukuta wa nje ulijaa vivuli vya kila kimo, vimekaa kwa ustaarabu, na fundi viatu akalazimika kuisogeza meza yake. Wanawake waliokwenda sokoni walivichukua asubuhi na kuviacha waliporudi. Maabara waliendelea kusema foleni inasogea.

Siku ya binti kuhamia, jua lilirudi. Wazazi wake walikuja kumsaidia, Fundi Kamba akifunga mizigo kwa kamba yake na kukataa kusaidiwa mafundo. Mkwe wao, kijana wa maneno machache, alimwambia mama mkwe wake kwamba kama angekuwa na pengine pa kuwapeleka, angewapeleka. Mama Bendera alimjibu kwamba anajua. Alikuwa amekwisha kuwaomba waje kwake, lakini kwake kulikuwa na chumba na sebule, na sebuleni walilala dada zake Fundi Kamba wawili, ambao nao hawakuwa na pa kwenda.

Mizigo ikaingia. Mkwe akaingia, kivuli chake kikakaa ukutani. Binti akaingia, chake kikafuata kukaa karibu na cha mumewe. Kijiko alikuwa mabegani mwa babu. Walipofika langoni, kivuli chake kidogo, ambacho safari hii kilijua kilichomo ndani, kiliteleza chini, kikasimama peke yake barabarani, kikiangalia huku na huku. Majirani wapya walikuwa wametoka kupokea wageni, na waliona wote. Mmoja alisema maskini, kumbe hata wadogo.

Mama Bendera aliingia mpaka hatua ya kwanza, akageuka, akatoka tena. Kivuli chake kilikuwa kimeshamtangulia. Kilichuchumaa na kukishika mkono kile kidogo. Alisimama hapo kwa muda akiwa amefumba macho, na watu waliodhani anaomba hawakukosea. Kisha akamwita binti yake arudi langoni, akamwita mkwe wake, akamwomba fundi viatu aache nyundo, akamwomba Komandoo asogee. Aliwaambia majirani kwamba nao anawataka wasikie, maana yeye ni mtu wa kusahau chai lakini si wa kusahau neno alilolisema mbele ya watu. Fundi Kamba akasema kumbe sasa kosa la chai limekuwa la mkewe.

Alimtoa Kijiko mabegani mwa babu yake, akamshusha barabarani, juu ya kivuli chake. Wakashikana miguuni kama kawaida. Kijiko akakipiga kivuli kwa kijiko, akacheka.

"Mwanangu, nyumba umeipata, kaa, na Mungu aibariki," alisema Mama Bendera. "Bendera zangu wamezing'oa na udongo bado uko palepale, mimi sina nguvu ya kuuhamisha. Lakini sikilizeni, nanyi muwe mashahidi. Kila siku jua likichomoza nitakuwa hapa langoni. Mtoto huyu atanijia mikononi, na nitamkabidhi kwa kivuli chake. Atacheza upande huu, atakula upande huu, na mikono yake nitainawisha mimi. Jioni nitakurudishia amelala, ili usiku asiguse chini. Kivuli chake kitalala kwangu, katikati ya changu na cha babu yake. Siku ya mawingu nitakuja vilevile. Nitafanya hivyo mpaka watakapouondoa udongo ule, na wasipouondoa, nitafanya hivyo mpaka mguu wangu ushindwe njia. Nimesema."