Alama za Marietha

"Usinipandishie sauti, Gervas. Hii ofisi siyo stendi."

"Sijapandisha, daktari. Nasema tu huyu mama hajapona."

"Programu inasema amepona."

"Programu haijamuona. Yupo hapo nje kwenye benchi, kavaa viatu viwili tofauti. Toka ukamwone."

Daktari Peniel hakutoka. Ndiye aliyekuwa tabibu pekee wa kitengo cha akili pale hospitali, na toka asubuhi alishaona watu ishirini na sita. Alivua miwani, akafikicha macho, akamgeuzia Gervas skrini ya kompyuta, kama vile hajawahi kuiona. Na ni yeye aliyeijaza.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule, 2002, ulikuja mradi. Siku zile kila kitu kilikuja na mradi. Ukaleta kompyuta moja, printa moja, na programu ya kufuatilia maendeleo ya wagonjwa wa akili. Mgonjwa ana namba yake, na kila akija kliniki anaulizwa mambo manne: usingizi, chakula, kazi, na anavyoelewana na watu wa nyumbani. Kila jibu linapewa alama, kuanzia sifuri mpaka nne. Programu inachora mstari. Mstari ukikaa juu miezi mitatu mfululizo unageuka kijani, na jina linatoka lenyewe kwenye orodha ya dawa.

Binti wa kwanza wa kuchapa akaondoka, akatafutwa mwingine. Gervas alikuwa kamaliza kidato cha nne, kafeli vizuri tu, baba yake kapunguzwa kazi reli huko Manyoni, na yeye kazunguka Singida mjini mwaka mzima na mitumba begani. Alikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Akapewa kiti. Mwanzoni alijiona bosi. Mwezi wa pili akagundua ni kazi ya kuchosha kama kupalilia shamba la mtu mwingine: unainama, unainuka, mstari uko palepale.

Marietha alikuwa namba kumi na saba, mama wa Mwankoko, umri wa mama yake Gervas. Analetwa na kaka yake, Simeoni. Gervas anampa shikamoo, mama anaitikia marahaba mwanangu. Halafu Gervas anasoma fomu kama ilivyoandikwa.

"Mama, unalalaje?"

"Salama."

Nne.

"Chakula je?"

"Tunamshukuru Mungu."

Nne. Kazi, nzuri. Nyumbani, wazima wote. Nne, nne. Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo, kijani.

Sasa huku kwetu nani anaulizwa analalaje akajibu vibaya papo hapo? Hata mwenye msiba anaanza na salama. Habari yenyewe inakuja baadaye, mtu akishatulia, akishakohoa, akishaangalia chini. Marietha naye alikuwa anaifikia, keshasimama, anajifunga khanga: "Ila mwanangu, hizi sauti..." Na Gervas, foleni imefika mlangoni, alikuwa keshabonyeza. Fomu haikuwa na nafasi ya ila.

Wiki sita zilizopita akakatiwa dawa. Leo Simeoni kamrudisha. Mama kang'oa matuta mawili ya vitunguu vya jirani, anasema vinamteta.

"Mrudishie dawa, daktari."

"Dawa zinatoka kwa orodha. Stoo wanataka karatasi ya printa. Nikiandika kwa mkono wanairudisha."

"Basi tubadilishe alama."

"Miezi imefungwa."

"Inafunguka. Nimeiona. Unaweka namba yako ya siri, halafu unachagua sababu."

Peniel akamtazama. "Na sababu zenyewe umezisoma?"

"Ziko mbili. Mgonjwa amefariki, au kosa la karani."

"Enhe. Ukichagua hiyo ya pili inakwenda makao makuu ya mradi na jina lako. Unafikiri yule binti wa kabla yako, Jenipher, aliacha kazi kwa kupenda?"

Gervas hakuwa analijua hilo. Kila mtu alimwambia Jenipher kaolewa.

"Na siyo kosa lako," Peniel akasema, sasa sauti imeshuka. "Maswali yao ndiyo mabovu. Nimewaandikia mara mbili."

"Wakasemaje?"

"Walipiga simu. Wakaniuliza kazi inaendeleaje. Nikasema vizuri."

Gervas alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Alikaa pale akifikiria nyumbani, ambako kati ya watu saba yeye ndiye aliyekuwa anaaga asubuhi kwamba anakwenda kazini. Akafikiria na ile ila. Maswali mabovu, sawa. Lakini ile ila aliisikia. Aliisikia miezi mitatu.

"Weka namba yako ya siri," akasema.

"Gervas."

"Weka, daktari. Stoo wanafunga saa tisa."

Peniel akaiweka kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayetegemea umeme utakatika. Umeme haukukatika. Gervas akachagua sababu, akafungua miezi, akaanza kuandika upya. Usingizi, sifuri. Nyumbani, moja, kwa sababu Simeoni bado anamleta. Mstari ukaanguka mpaka chini, ukawa mwekundu. Printa ikakoroma, ikatoa karatasi.

"Na wale wengine?" akauliza. "Wapo thelathini na tisa, wote niliwauliza hivyohivyo."

"Nitawauliza mwenyewe mwezi ujao. Niwaache wakae kwanza."

"Utapata muda?"

"Sitapata," Peniel akasema. "Ila nitawauliza." Akaweka sahihi. "Nitakuandikia barua nzuri, kijana. Ya kukutambulisha sehemu nyingine."

"Usijisumbue, daktari. Una watu nje."

Alisimama, mgongo unauma kama wa mzee. Akachukua karatasi ya Marietha, akaipuliza wino ukauke, akampa Peniel mkono. Peniel aliushika muda kidogo, halafu akaurudisha mkono wake kwenye faili la mgonjwa wa ishirini na saba.

Gervas akatoka, akaufunga mlango.