Lalaji ya Mtoto wa Nelima

"Hodi! Hapa ni kwa Mama Timothy?"

Mideva alikuwa ameinamia karai, akifua mashati ya wapangaji wa magorofa ya Nyayo Highrise, povu limemfika viwikoni. Mlangoni kwake, mtaani Kambi Muru, alisimama mama wa Kihindi wa makamo, raba zimeloa matope, mwavuli mkononi ingawa mvua ilikatika alfajiri.

"Ndiye mimi, mum. Karibu. Chunga kichwa, kuna waya ya nguo."

Mgeni aliitwa Hansa. Asubuhi nzima alikuwa akiulizia blanketi jekundu la mtoto, lenye mstari wa manjano, na kila mtu alimwelekeza hapa.

"Kumbe unatafuta lalaji!" Mideva akacheka. "Si ungesema tu?"

"Unaiitaje?"

"Lalaji. Ya kulalia mtoto. Kwani nyinyi mnaiitaje?"

Hansa akaketi juu ya debe. "Lalji lilikuwa jina la babu yangu," akasema polepole.

Mzee Lalji alifika Nairobi akiwa kijana, akafagia ghala la pamba, na mwishowe akamiliki kiwanda cha mablanketi. Kabla ya utajiri, mtoto wake wa kwanza alikufa kwa baridi ya Julai katika chumba cha kupanga. Basi kiwanda kilipoanza, kila mtoto aliyezaliwa katika zahanati za mitaa hii alipewa blanketi bure, hadi ushuru na bidhaa za bei ya chini vilipokifunga. Sasa familia ilikuwa ikiandaa chumba cha kumkumbuka.

"Na hatuna hata moja. Alizigawa zote, mpaka zetu."

Mideva akavuta sanduku chini ya kitanda. Blanketi lilikuwa limepauka, lakini bado zito. Lilimlaza Timothy, likamlaza mdogo wake Bridgit, kisha watoto wa ploti nzima.

"Kiwandani imebaki cherehani moja ya umeme," Hansa akasema. "Tumekubaliana apewe wa kwanza atakayetupatia blanketi. Nipe hili, nikuletee leo."

Mideva akalikunja blanketi mapajani. Cherehani yake ilibebwa na kanjo, wale askari wa jiji, kwa kosa la kushona kando ya barabara bila leseni. Na kila alipofuata hiyo leseni, aliambiwa mhusika ametoka. Alikuwa akiota mlio wa cherehani ile.

"Aki siwezi," akasema. "Nelima, jirani yangu aliyehamia Kawangware, amejifungua jana katika zahanati ya huko. Nilimwahidi mtoto wake atalalia hii."

"Nitamnunulia mpya."

"Mnunulie. Lakini mimi nilimwahidi hii."

Hansa akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Babu angekupenda! Haya, vaa viatu, nikupeleke kwake. Gari liko pale mtaa wa Olympic."

Kwenye lango la zahanati, askari aliyeitwa Musau akainua rungu. "Kuona wagonjwa ni saa saba, mathe."

"Sijakuja kuona mtu. Naleta lalaji."

"Lalaji? Wacha!" Rungu likashuka. "Hata mimi nimekulia ndani ya hiyo kitu. Pita! Na huyu?"

"Huyu ni mjukuu wa Lalaji mwenyewe."

Musau akapiga saluti kama mbele ya rais.

Wodini palining'inia bango la waziri akitabasamu, amebeba mtoto mnono. Chini yake watoto walikuwa wamefungwa kwa leso na sweta kuukuu. Nelima alipoliona blanketi, akapiga kigelegele hapo hapo kitandani, na wodi nzima ikamwitikia.

"Umekuja nayo kweli!"

"Ulidhani ni mchezo?"

Mtoto akafunikwa, akapiga chafya, akafumba macho. Hansa alikuwa bado akipangusa machozi simu yake ilipolia. Alisikiliza, akamgeukia Mideva kwa aibu.

"Kuna shosho Olympic, bibi kizee anaitwa Waceke. Amewapelekea wenzangu blanketi moja."

Mideva akatazama vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni. Kisha akatabasamu.

"Basi cherehani ni yake. Mwambie tu asiitie uzi wa bei rahisi, itamsumbua."

Akatoka kwenda kumalizia mashati ya watu. Nyuma yake, chini ya waziri anayetabasamu, mtoto wa Nelima alikuwa amelala fofofo.