Vyuma Kiunoni mwa Elida

Damu haikuonekana. Hilo ndilo lililomduwaza Elida kuliko maumivu yenyewe. Wanaume wa Kagunga walikuwa wakipandisha boti la mbao nchi kavu kwa kulisukuma juu ya magogo, naye akapita nyuma yake na beseni la dagaa kichwani. Gogo moja likateleza. Boti likarudi kwa kishindo, likambana kwenye mwamba. Walipoliondoa alijikuta amekaa mchangani, ngozi nzima, gauni halijachanika, ila miguu haimtii.

Mumewe, Antoni, akainama amnyanyue. Catherine, muuguzi wa zahanati, akamkataza. Aliomba kitenge, akakipitisha chini ya makalio ya Elida na kukikaza kuzunguka nyonga mpaka Elida akaona giza. Kwa sauti ya chini akawaeleza kwamba nyonga imevunjika na damu inavujia ndani. Elida alimsikia. Akajitazama tumboni kuitafuta hiyo damu, asiione.

Wakamlaza juu ya mlango waliong'oa dukani, wakampakia kwenye boti la injini kwenda Kigoma mjini. Antoni, mtu wa utani, aliushikilia mlango kwa mikono miwili njia nzima usiteleze.

Alipozinduka hospitalini aliinua shuka. Fimbo za chuma zilikuwa zimechomoza pande zote mbili za kiuno, zimetoka kwenye nyama yake mwenyewe, na mbele ya tumbo zimeunganishwa kwa chuma kingine. Akalirudisha shuka taratibu, kama mtu aliyefungua chumba kisicho chake. Daktari Martini alimweleza kwamba vyuma hivyo vinaishika mifupa isiachane wakati anaongezewa damu. Akipata nguvu atapasuliwa tena, mifupa iliyotengana mbele iunganishwe kwa bamba na skrubu. Elida aliitikia kila neno. Daktari alipoondoka hakukumbuka hata moja.

Upasuaji wa pili ulikwenda salama. Asubuhi moja mama mkwe wake, Yunisi, akafika kutoka Kagunga pamoja na Antoni, na kabla hajakaa akamsimamisha Daktari Martini aliyekuwa akipita wodini.

"Daktari, huyu atazaa?"

Elida alihisi uso unawaka. Hata kukaa hajaweza, anajisaidia kitandani, na mama huyu anaulizia wajukuu. Akageukia ukutani.

"Atazaa," daktari alisema. "Ila akishika mimba aje kliniki mapema. Huenda tukamzalisha kwa upasuaji. Asijifungulie nyumbani."

"Hilo la mwisho lirudie, tafadhali. Mwanangu yuko mlangoni, nataka naye alisikie."

Daktari akarudia, akaendelea na wagonjwa wengine. Yunisi akaketi ukingoni mwa kitanda. Tangu aolewe Elida alimwona mama huyu akichechemea. Aliambiwa amezaliwa hivyo, naye hakuuliza zaidi.

"Mimi nilianguka korongoni na mzigo wa kuni, bado msichana, nikavunjika nyonga," Yunisi alisema. "Nikafungwa vijiti, nikalazwa ndani mpaka nikaweza kutambaa. Mifupa ikaunga ilivyotaka yenyewe. Antoni ni wa tatu, Elida. Wawili wa kwanza nilijifungulia nyumbani, walishindwa kupita, wakafa."

Elida akageuka amtazame. Mlangoni Antoni alikuwa amejishikilia kwenye fremu, macho yamemtoka. Miaka yote hiyo alijiita mtoto wa kwanza.

Vyuma vya nje vilipotolewa, Elida aliruhusiwa, akahamia kwa ndugu yao Ujiji ili awe karibu na kliniki. Yunisi alikaa naye, akimwogesha na kumgeuza kitandani. Ilipofika siku ya kusimama, Shadia, mtaalamu wa mazoezi, alimpa magongo na kumwonya asiuegemee sana mguu wa kushoto. Elida alitazama mapaja yake yalivyokwisha, akashtuka, akatamani kurudi kulala. Yunisi akampitishia mkono mgongoni.

Alisimama. Kiuno kilimuuma, lakini hakikuachia. Akasogeza gongo moja, kisha mguu, akatulia apumue.

"Mama," alisema, "wale wawili uliwapa majina?"

Yunisi alimshikilia asiyumbe. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Verediana," akasema. "Na Bariki."