Chupa ya Watoto Kumi

Bibi Vifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliwashonea watu vifungo vya mashati ya shule mlangoni kwake, alikwenda zahanati Jumanne mbili mfululizo na mjukuu mgongoni, na mara zote mbili akarudi naye bila kuchanjwa.

Mjukuu alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Watu walimwita Cheko, maana alicheka hata akiogeshwa maji baridi. Bibi alimwita mume wangu. Mama yake hushinda kiwandani, kwa hiyo kliniki ilikuwa kazi ya bibi.

Muuguzi alimweleza kwa upole. Zamani chupa zilikuja kwa maboksi, zikilipiwa na nchi za mbali zenye uwezo. Sasa nchi hizo zimekunja mkono, na kwenye friji imebaki chupa moja tu. Ndani yake mna unga wa kuchanja watoto kumi tu. Ukishautia maji yake una saa sita, kitakachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo wafike watoto kumi, au chupa isifunguliwe. Jumanne ya kwanza walikuja watatu, ya pili wanne. Na surua ilikwisha kubisha hodi mtaa wa pili.

"Kumi tu?" akasema bibi. "Ningekuwa na ujana, mwanangu, ningekuzalia mwenyewe."

Wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba na magoti yake mabovu. Mmoja alimuuliza ameajiriwa lini na serikali. Mwingine alisema hana nafasi, ana nguo za watoto za kurekebisha. Bibi akaketi pale pale akamshonea vifungo vyote, kisha akamwambia sasa nafasi unayo. Jumanne ya tatu akaingia zahanati na akina mama tisa na watoto wao, Cheko akiwa wa kumi. Muuguzi akachanganya dawa.

Walimwambia atangulie, si ndiye aliyewaita? Bibi akakataa katakata. Atawatangulia vipi watu aliowatoa makwao yeye mwenyewe? Mwenye kualika hunawa mwisho. Akaketi mwisho wa benchi.

Wa sita alikuwa toto nene waliloliita Bondia. Mama yake alimbana miguu, akasahau mikono. Bondia akarusha kofi, bomba la sindano likamtoka muuguzi, dawa ikamwagika sakafuni. Benchi zima likacheka, bibi naye akacheka. Muuguzi hakucheka. Alivuta dawa nyingine, akamchoma. Zamu ya Cheko ilipofika, muuguzi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaipindua, akaigonga kwa ukucha.

"Bibi," akasema.

"Nimeona, mwanangu."

Muuguzi aliahidi kwamba chupa zikija tu, ataanza na Cheko. Hazikuja. Kila Ijumaa alipiga simu wilayani, akaambiwa fedha za wafadhili bado hazijathibitishwa. Wiki ya tano Cheko akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, vipele vikaanzia nyuma ya masikio. Kisha kifua kikabana. Siku ya tisa, mama yake akiwa amevaa kiatu kimoja kwenda kazini, mtoto akakata roho.

Akina mama wote tisa walikuja msibani, na bibi aliona kwamba hakuna aliyekuja na mtoto. Mama Bondia alifika wa mwisho, akakaa chini karibu na mlango. Nje ya ua mtoto alikuwa akilia. Bibi alimjua kwa sauti.

"Yuko na nani huko?"

"Na dada yake, bibi. Niliona nisimlete mbele ya macho yako."

"Anaungua jua. Mlete."

"Laiti ningemshika mikono, bibi..."

Bibi aligeuka kutazama mlango wa chumba. Ndani, binti yake alikuwa amelala kifudifudi, amelia mpaka sauti imekauka.

"Na mimi laiti ningekaa mbele," akasema. "Mlete mtoto."

Akampokea. Alikuwa mzito, kalowa jasho, akajilaza begani bila kuuliza ni bega la nani. Mkono wa bibi ukaanza wenyewe kumpigapiga mgongoni, taratibu, kama ulivyozoea, na hapo ndipo alipolia.