Boya la Choo cha Mama

Mtaani walimwita Profesa, nusu sifa, nusu utani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za simu. Mama yake, mjane aliyeishi peke yake, alikuwa amekataa katakata kuhamia kwake. "Nyumba yangu siiachi. Ukitaka kuniona, njia unaijua."

Njia aliijua, ila kazi zilimzonga. Basi akamtengenezea mama programu. Alifunga kifaa kwenye mita ya maji, na simu yake ikawa inamwonyesha kila bomba likifunguliwa kule. Maji yakitumika, kijani. Yasipotumika tangu asubuhi hadi jioni, simu ingelia na kuandika maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Mama hajagusa maji. Mpigie."

"Usipofungua bomba, nitajua," alimwambia. "Nitakuja mbio."

"Kumbe siku hizi unanichungulia hadi chooni," mama alicheka. "Ukimaliza kuchungulia, njoo unitengenezee boya la tangi. Maji yanatiririka tu, usiku na mchana."

"Nitakuja, mama."

Akaenda? Thubutu. Simu ilipoanza kumsumbua kwamba kuna maji yanavuja, alifanya lililo rahisi: akaizima ile arifa ya kuvuja. Ndivyo walivyo hawa watu wa kompyuta. Kinachovuja kiko chooni, yeye anakiziba kwenye kioo cha simu.

Tangu hapo ikawa kijani tupu. Hata kupiga simu akaacha. Akiamka anatupia jicho kioo, roho inatulia, anaendelea na shughuli zake.

Aliyempigia ni mshonaji, jirani wa mama.

"Mwanangu, mama yako amesafiri? Nagonga, haitikii. Ila maji nayasikia."

"Yupo, mama. Anatumia maji sasa hivi, namwona."

"Unamwona wapi?"

"Kwenye simu."

"Njoo," mshonaji alisema.

Walivunja mlango. Mama alikuwa sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, midomo imekauka, na bomba liko juu asikoweza kufika. Daktari hakumficha Profesa kitu: mama hakufa siku aliyoanguka, wala siku iliyofuata. Muda wote huo alilala pale akingoja simu ya mwanawe ilie.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, Profesa aliingia chooni na kufunua tangi. Boya lilikuwa limekwama pembeni tu. Alilisukuma kwa kidole, likapanda, maji yakakatika. Kazi yenyewe haikutaka hata bisibisi. Akakaa chini, akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akafunga nyumba na kurudi kwake.

Kesho yake jioni alikuwa mezani, simu ikalia mfukoni. Akaitoa, akasoma.

"Mama hajagusa maji. Mpigie."