Nani Atabaki na Mashine

Barua ya kwanza niliandika kwa adabu. Ya pili kwa adabu iliyopungua. Ya tatu niliandika nimesimama, na kalamu ikatoboa karatasi mahali pawili.

Nilikuwa naomba kitu kimoja tu: siku nne za kwenda kwenye kongamano la watu wa kazi yangu. Kazi yangu ni kutakasa vifaa vya upasuaji. Mikasi, visu na koleo vikitoka chumba cha upasuaji vinakuja kwangu na damu yake. Naviosha, navikagua, navifunga kwa vitambaa mafurushi mafurushi, kisha naviingiza kwenye mashine ya mvuke. Nikikosea mimi, daktari bingwa anamshona mgonjwa vizuri halafu kidonda kinaoza. Daktari anajulikana mji mzima. Mimi wananiita Mama Mvuke, na wapo wanaodhani nauza chai.

Na safari hii nilikuwa na la kusema. Kwa muda mrefu mafurushi yetu yalitoka mashineni yana unyevu ndani, na furushi lenye unyevu ni kazi bure, vijidudu vinaingia kama kwao. Mafundi walikuja, wakafungua mashine, wakafunga, wakaenda zao. Nikaanza kuandika mwenyewe kila furushi na kila kitambaa, miaka mitatu, mpaka nikamjua mchawi. Alikuwa ni kanji. Watu wa chumba cha kufulia walikuwa wanatia vitambaa kanji na kuvipiga pasi mpaka vinasimama vyenyewe, kwa sababu madaktari wanapenda kuona kitu kilichonyooka. Kanji inaziba kitambaa, mvuke unapenya kwa taabu na maji hayatoki. Tulipoiacha, unyevu ukaisha, na vidonda vya kuoza vikapungua nusu. Nikatuma maelezo kwa chama chetu. Wakajibu: njoo uzungumze, una dakika ishirini.

Mkurugenzi wa hospitali alijibu barua ya kwanza kwa mstari mmoja, kwamba fungu la mafunzo limekwisha. Wiki hiyohiyo tangazo likabandikwa ubaoni: yeye na wakuu wa idara watatu wanakwenda hotelini siku tano, kwenye semina ya kubana matumizi. Nililisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mlinzi aliyesimama karibu akasema, "Pole, mama. Sisi wenyewe tumebaniwa mpaka sabuni."

Chama kikakubali kunilipia nauli, malazi na chakula. Nikapeleka barua ya pili, nikajua nimemkaba. Wapi. Aliniita ofisini, akaniuliza bila kuinua macho kwenye simu yake, "Nani atabaki na mashine?"

"Tafuta mtu, mheshimiwa. Ni siku nne tu."

"Mtu nimtoe wapi? Wagonjwa hawangoji mikutano yenu, mama."

Nilifika nyumbani nikiwa nimefura, nikagonganisha vyombo hadi mume wangu, ambaye ni fundi viatu, akaja na kiatu cha mtu mkononi. Nikamweleza. Nilitaka anisaidie kumtukana mkurugenzi.

"Na kweli," akasema, "nani atabaki nayo?"

"Hata wewe?"

"Nauliza tu, mke wangu. Miaka hii kumi na mmoja umeletewa wasaidizi watatu. Wa kwanza ulimfukuza kwa kukunja vibaya. Wa pili kwa kupiga miluzi. Yule wa tatu alikosa nini?"

"Maswali mengi."

"Basi. Wewe hata sufuria ya uji humwachii mtu akuoshee."

Siku mbili sikumsemesha. Ukweli unauma, na unauma zaidi ukitoka kwa mtu uliyempakulia chakula. Siku ya tatu nikaanza kutafuta wa kumfundisha. Wauguzi walinikwepa, kila mmoja ana kisa chake na mimi. Aliyekuja ni mmoja tu, na ndiye nisiyemtaka kuliko wote: msimamizi wa chumba cha kufulia, mama yule wa kanji. Bi Kanji, ndivyo nilivyokuwa namwita mbele ya watu. Tulikuwa tumegombana mwaka mzima kuhusu vitambaa, tukafikia kupitana koridoni kama hatujuani.

"Nimesikia unatafuta mtu," akasema. "Nimechoka kufua. Nifundishe."

Nilimfundisha wiki sita, kabla ya zamu yake na baada ya zamu yake, bila nyongeza ya malipo kwa yeyote. Nilimkaripia. Naye alinikaripia. Akikunja kitambaa namfungulia, anakunja tena, nafungua tena, mpaka siku moja akanishika mkono akasema, "Hiki kiko sawa, na wewe unajua kiko sawa." Kilikuwa sawa. Wiki ya tano aligundua mpira wa mlango wa mashine umepasuka kabla mimi sijauona. Nilikasirika, nadhani kwa sababu ilikuwa ni mashine yangu. Lakini nilimwachia siku nzima peke yake, na mafurushi yote yakatoka makavu.

Ndipo nikaandika ile barua ya tatu. Mtu yupo, ameiva, kongamano ni wiki ijayo, nipe jibu leo.

Mkurugenzi alituita wote wawili. Alikuwa na furaha, na hilo lingetosha kunitahadharisha. "Hongereni," akasema. "Sasa hospitali ina wataalamu wawili wa mashine. Kwa hiyo mmoja aende, mmoja abaki." Akamgeukia Bi Kanji. "Nenda wewe, mama."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mheshimiwa, mada ni yangu."

"Mada ni ya hospitali. Na wewe hatuwezi kukukosa. Wewe ndiye nguzo."

"Nikienda bila ruhusa?"

"Basi usirudi."

Nguzo. Nilitoka pale bila kuaga. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nasubiri mtu mkubwa aniambie neno lile. Nilikuja na homa, nilikuja na msiba, sikuwahi kuchukua likizo kamili, ili siku moja waseme hawawezi kunikosa. Wakasema, na ikawa ni kamba ya kunifungia.

Bi Kanji alinifuata koridoni. "Mimi siendi. Siwezi kula jasho la mtu."

"Utaenda."

"Mada si yangu, dada."

"Nikikaa mimi na mada ikakaa, atakuwa ametushinda mara mbili. Utaenda, utasema, na ukikosea neno nitakunyonga."

Sikusema hivyo kwa wema. Roho yangu ilikuwa nyeusi ti. Nilimpa karatasi zangu zote, nikamkaririsha siku tatu, na alipoondoka sikumpungia mkono.

Siku ya kongamano, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya mashine na simu ikaita. Ni yeye. Alikuwa ananong'ona. "Nimemaliza. Nimewaambia mwenye kazi ni wewe, na kwamba aliyekuwa anatia kanji ni mimi. Wamecheka sana. Ila kuna mama ana swali na nimeshindwa, nakuweka kwenye kipaza sauti."

Nikasikia mwangwi wa ukumbi mkubwa, viti, mtu akikohoa. Ukumbi wangu. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu.

"Hongera kwa kazi nzuri, mwanangu. Hapo kwenu wangapi wanaiweza?"

"Wawili."

"Na kabla ya huyu dada?"

"Mmoja."

"Muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Na huyo mmoja alipokuwa anaugua?"

"Haugui," nikasema, na ukumbi mzima ukacheka, kicheko cha watu wanaojua. Wote wale ni Mama Mvuke wa mahali fulani. Ningeweza kuachia hapo. Wangepiga makofi, ningerudi kwenye mafurushi yangu.

"Aliugua mara moja," nikasema. "Mwaka juzi. Homa. Alikuja kazini hivyohivyo kwa sababu wakubwa hawakuwa wameweka mwingine, na kwa sababu mwenyewe hakutaka awepo mwingine. Akatoa mafurushi mashineni kabla ya wakati. Alipogundua, yalikuwa yameshatumika."

Kicheko kilikatika. Niliisikia pumzi ya Bi Kanji karibu na simu, maana hata yeye hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa anajua.

"Ikawaje?" yule mama akauliza.

Hasira niliyokuwa nayo kwa mkurugenzi, kwa hospitali, kwa siku nne nilizonyimwa, yote ilikuwa bado ipo, ila sasa haikutoka kwa mlango mmoja tu; mwingine ulielekea kwangu mwenyewe.

"Mgonjwa wa kitanda cha saba alikaa wodini miezi miwili," nikasema. "Andikeni na hilo kwenye kumbukumbu za kikao."