Katoni ya MBOVU

Kasiva aliona mng'aro kabla hajafika kwa geti. Shamba lote la mtama la mamake, hapa Ikutha, lilikuwa linametameta kama duka la simu. CD! CD kwa kamba, safu kwa safu, zinazunguka na upepo, na ndege wamejipanga mbali kwa waya wakiangalia tu.

"Mwaitu!" akamwita mamake kwa Kikamba, mkoba bado begani. "Mwaitu, hizo CD umetoa wapi?"

Mamake, Nthenya, akatoka jikoni akijipangusa mikono, uso wote furaha. "Umeona? Ndege wamekoma kabisa! Nimetumia ile katoni yako ya chini ya kitanda."

"Gani?"

"Si ile umeandika MBOVU."

Kasiva akakaa chini hapo hapo kwa mchanga.

Huyu dada amekusanya muvi tangu darasa la tatu. Wenzake wakinunua mandazi, yeye ananunua CD. Huko mjini Wote anakofunza nasari, kabati imejaa muvi, nguo ziko kwa kiti. Na kwa vile mabinamu huazima na hawarudishi, zile za maana kabisa alizifungia katoni moja hapa nyumbani, akaandika juu kwa wino mwekundu: MBOVU. Alijiona mjanja sana.

Ndani ndio kulikuwa na ile moja. Babake, Musembi, alikuwa na banda la video hapo sokoni. Akiweka muvi ya karate, alisimama kando ya TV na maiki, anatafsiri kwa Kikamba, anaongeza na zake, watu wanaanguka kutoka kwa benchi. Siku moja tu mtu alirekodi, picha na sauti yake pamoja. Kopi moja. Musembi aliaga miaka tisa iliyopita, na sauti yake haiko mahali pengine popote. Leo Kasiva alikuja na laptop ya kuazima, hatimaye ainakili.

"Zimekaa juani tangu lini?"

"Jumatatu."

Leo ni Jumamosi. Siku sita! CD ya kuchoma kwa kompyuta ikiachwa juani inafutika, na hili ni jua la Ikutha.

"Kwani kuna nini, Kasiva? Unanitisha."

"Ile ya baba ilikuwa humo."

Nthenya alivua patipati, akakunja leso, akaingia kwa mtama mbio kama msichana. Wakakata kamba, wakageuza moja moja. Vita. Mapenzi. Kihindi. Maandishi mengine jua lilikuwa limeshayala. Kasiva alikuwa amefika safu ya mwisho aliposikia, "Hii! Si hii?"

BABA, kwa kalamu iliyopauka. Chini, ile rangi ya buluu inayoshika rekodi ilikuwa imebaki kidogo tu, pembeni kukiwa na mkwaruzo mrefu.

Sebuleni Kasiva aliiweka CD kwa laptop, akawasha simu irekodi, maana laptop yenyewe hakuiamini. CD ikazunguka. Ikakohoa. Ikanyamaza.

"Imekataa?"

"Ngoja, mwaitu."

Ikazunguka tena, halafu: "Muoneni huyu mzee! Anatembea ni kama amemeza jembe!"

Musembi kabisa. Nthenya akashika mdomo. Walicheka, wakalia, wakacheka tena, dakika moja, tano, kumi. Dakika ya kumi na moja yule mzee wa muvi akainua mguu, na mguu ukabaki hewani. Kasiva akatoa CD, akaipangusa kwa blauzi, akarudisha. Mara tatu. Mguu hewani tu.

"Basi," akasema, sauti imekatika. "Imeisha."

Nthenya aliangalia ule mguu. Polepole, kwa sauti nzito isiyo yake, akasema, "'Leo utarudi kwenu na meno kwa mfuko!' Hapo ndio babako alisema hivyo. Halafu yule mzee anaangukia kwa maji."

Kasiva akageuka. "Si ulikuwa unasema muvi ni upuzi?"

"Ni upuzi. Na nani alikuwa anauza chai hapo mlangoni pa banda kila Jumapili? Hii niliisikia mpaka nikachoka." Akachungulia dirishani, akaruka. "Woi! Ndege wameingia mtama!"

Kasiva akamshika leso, simu mkononi, bado inarekodi.

"Wacha wale mtama, mwaitu. Yule mzee akiwa ndani ya maji, baba alisema nini?"